Sentensi ya Kipimo: Lugha ya Kutayarisha Mmumunyo wa Ukolezi Maalumu katika Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa Kiswahili wamejishughulisha na istilahi za sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, lilitoa orodha za tafsiri sanifu katika miaka ya 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Thamani ya kazi hizo haina shaka. Hata hivyo, swali linalotangulia katika kazi za aina hii ni lile la jina: kitu hiki kiitweje kwa Kiswahili? Jina likishapatikana, hudhaniwa kwamba kazi imekwisha.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba jina ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili imo katika maneno madogo ambayo hayaingizwi katika orodha za istilahi: kwa, katika, na, hadi. Mfano uliochaguliwa ni wa kutayarisha mmumunyo ambao ukolezi wake unajulikana, yaani kupima dawa na maji hata ijulikane ni kiasi gani cha dawa kimo katika kila lita. Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Anayejua kuzidisha na kugawanya anaiweza. Mara nyingi kosa hutokea kabla ya hesabu kuanza, pale msomaji anapoielewa sentensi moja kwa maana mbili.

Mahali pa mfano ni Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya: Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Hapa kupima dawa si zoezi la maabara peke yake. Ni kazi ya shambani, zizini na hospitalini, na hufanywa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kikuyu, Kiembu au Kimeru, walioisoma kemia kwa Kiingereza kama waliisoma, na ambao hukutana na maagizo ya dawa kwa Kiswahili.

2. Haja ya kipimo

Kahawa ya Nyeri hulimwa zaidi na wakulima wadogo, na mavuno yao makubwa huchumwa kati ya Oktoba na Desemba. Miti ya aina za SL 28 na SL 34, ambayo ndiyo iliyoipatia kahawa ya huko sifa ya ladha, hushambuliwa kwa urahisi na maradhi mawili: kutu ya majani na chulebuni. Chulebuni huoza matunda yakiwa bado mabichi mtini. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922, na baadaye ukaenea katika nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa. Hata jina la kisayansi la kuvu inayouleta, Colletotrichum kahawae, lililotolewa mwaka 1993, limebeba neno kahawa lenyewe.

Watafiti wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na mwaka 2010 wakatoa Batian, iliyoitwa kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Aina hizo hustahimili maradhi hayo mawili. Lakini mti wa kahawa huishi miaka mingi, na mkulima hawezi kung'oa shamba zima kwa msimu mmoja. Kwa hiyo bomba la mgongoni lingali chombo cha lazima, na dawa zenye shaba zingali miongoni mwa zile zinazonyunyizwa.

Dawa ikiwa hafifu kupita kiasi, matunda huoza na gharama ya kunyunyiza hupotea. Ikizidi, majani huweza kuungua, fedha hutumika bila faida, na shaba hubaki udongoni, kwa kuwa shaba haiozi wala haivunjikivunjiki kama baadhi ya dawa nyingine. Anayeubeba mzigo wa kosa ni mkulima, naye hulitambua baada ya miezi mingi, wakati kahawa inapopimwa kiwandani.

Kuna jambo la pili la kuzingatiwa. Katika shule za sekondari za Kenya, kemia hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na vibandiko vya dawa zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, ambayo wenyeji huyaita agroveti, mara nyingi huwa na maagizo kwa lugha zote mbili. Mwanafunzi aliyejifunza kanuni ya ukolezi darasani huitwa nyumbani amsaidie mzazi kusoma kibandiko. Hapo hugundua kwamba anaijua hesabu, lakini sentensi ya kuielezea hakuipewa na mtu.

3. Maneno yaliyopo

Kabla ya kutazama sentensi, yafaa kuyapima maneno yanayotumika. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya jambo hili. Mengi yamo jikoni.

Kitenzi kolea hutumika kwa chumvi iliyoenea vizuri katika mchuzi, kwa chai iliyojaa majani na kwa rangi iliyoshika nguo. Katika mifano yote hiyo maana ni moja: kitu kimeenea ndani ya kingine kwa wingi unaoonekana au unaoonjeka. Kutokana na kitenzi hiki lapatikana neno ukolezi, na lina faida kubwa kuliko neno linalosikika zaidi madukani, yaani ukali. Dawa kali ina maana mbili. Yaweza kuwa dawa ambayo haijatiwa maji, na yaweza kuwa dawa yenye sumu. Mambo haya mawili hayaendi pamoja daima. Maji ya sukari yaliyokolea sana si makali, na sumu iliyotiwa maji mengi huweza kubaki sumu. Anayeambiwa kwamba ukali umepunguzwa aweza kudhani kwamba hatari imekwisha, akavua glavu. Anayeambiwa kwamba ukolezi umepunguzwa hajaahidiwa lolote kuhusu hatari.

Kitenzi cha kupunguza ukolezi pia kipo, nacho ni zimua. Maji ya moto huzimuliwa kwa maji baridi, na kileo kikali huzimuliwa kwa maji. Ni kitenzi kifupi na chenye maana bayana, na ni ajabu kwamba hakionekani sana katika maagizo ya dawa, ambamo changanya hufanya kazi zote.

Maneno yeyuka na mumunyika nayo yahitaji kutenganishwa. Barafu huyeyuka kwa joto; sukari humumunyika kinywani au majini. Katika mazungumzo ya kila siku yeyuka huchukua nafasi zote mbili, lakini kwa kemia ni mambo tofauti: la kwanza lahitaji joto na halihitaji kitu cha pili, na la pili lahitaji kitu cha pili hata bila moto. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia mmumunyo kwa kile kinachopatikana pale kitu kimoja kinapotoweka ndani ya maji. Ikiwa chembe hazitoweki bali zinaelea, kama zilivyo unga wa dawa nyingi za shaba, hapo si mmumunyo kwa maana kamili. Ni mchanganyiko wa chembe zinazoelea, na usipotikiswa chembe hutua chini: dawa ya mwanzo na ya mwisho kutoka bomba moja hazitakuwa sawa. Hesabu ya vitu hivi viwili ni ile ile. Kinachotofautiana ni uangalifu wa kutikisa.

Katika eneo la Mlima Kenya kuna pia jambo la lugha jirani. Kwa Kikuyu, gũtukania ni kuchanganya. Kwa Kiswahili, kitenzi kinachofanana nacho, tukana, ni kutoa matusi. Hakuna anayepotoshwa na mfano huu kwa muda mrefu, lakini wakumbusha kwamba maneno ya lugha za Kibantu yanaweza kufanana sura yakaachana maana, na kwamba msomaji wa Nyeri hukisoma Kiswahili akiwa na sarufi nyingine sikioni.

4. Hesabu yenyewe

Hesabu za kutayarisha mmumunyo ni za namna tatu, na zote hutokana na wazo moja: ukolezi ni kiasi cha dawa kikigawanywa kwa ujazo wa mmumunyo uliokamilika.

Namna ya kwanza ni kuanza na kitu kikavu. Mfano mzuri ni mrututu, chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Neno hili limo katika kamusi za zamani, ambamo mrututu huelezwa zaidi kama dawa ya vidonda. Ni chumvi ile ile ambayo Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, aliichanganya na chokaa kutibu ukungu wa mizabibu, akatangaza matokeo mwaka 1885. Mchanganyiko huo huitwa wa asilimia moja pale kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa zinapofikishwa lita 100 kwa maji. Mrututu haufai kumumunywa ndani ya chombo cha chuma, kwani chuma huingia majini na shaba hutoka ikaganda ukutani mwa chombo. Ukolezi uliohesabiwa huharibika hata kabla ya dawa kutoka nyumbani.

Maabara ya shule hutumia kipimo kingine, yaani moli. Moli moja ya mrututu wa buluu ina uzito wa gramu 249.7. Anayetaka nusu lita ya mmumunyo wenye moli 0.1 katika kila lita huzidisha 249.7 kwa 0.1, kisha kwa 0.5, akapata gramu 12.5 hivi. Humumunya gramu hizo katika maji kiasi cha mililita 300, halafu huongeza maji hadi mstari wa mililita 500 ulioko shingoni mwa chupa. Hatii maji mililita 500 juu ya mrututu. Tofauti hii itarejewa hapa chini.

Jina nalo laweza kupotosha hesabu. Mrututu ukichomwa hupoteza maji yaliyomo ndani ya fuwele zake, ukawa mweupe, na moli moja yake ikawa na uzito wa gramu 159.6. Anayepima gramu 12.5 za mrututu mweupe akidhani ni sawa na wa buluu hupata moli 0.157 katika kila lita badala ya 0.1. Amezidisha kwa zaidi ya nusu ingawa mizani yake haikukosea. Kwa hiyo jina la kitu lazima litaje hali yake.

Namna ya pili ni kuzimua kilichokwisha kukolea. Kanuni yake ni kwamba maji huongeza ujazo lakini hayaongezi dawa. Basi ukolezi wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezi wa pili mara ujazo wa pili. Tuchukue dawa ya klorini ya kusafishia, yenye asilimia 3.5, inayotakiwa kuzimuliwa iwe asilimia 0.5, kiwango kinachotumika hospitalini mahali palipomwagika damu. Kwa ndoo ya lita 10, hesabu ni 0.5 mara 10, ikigawanywa kwa 3.5, yaani lita 1.43. Maji yatakuwa lita 8.57. Kwa maneno mengine, 3.5 ikigawanywa kwa 0.5 ni 7. Mmumunyo una sehemu saba, moja ya dawa na sita za maji.

Namna ya tatu ni ya bomba. Tuseme kibandiko cha dawa ya kahawa chaagiza gramu 5 katika kila lita. Bomba la lita 20 litahitaji gramu 100, na la lita 15 litahitaji gramu 75. Mkulima wa Othaya mwenye miti 300, ikiwa kila mti utachukua nusu lita, atahitaji lita 150 na gramu 750 za dawa. Kwa bomba la lita 20 hayo ni mabomba saba na nusu, na ile nusu ya mwisho itatiwa gramu 50. Mkulima huyo akiazima bomba la jirani la lita 15, akaendelea kutia gramu 100 kwa mazoea, kila lita itakuwa na gramu 6.7, na dawa itazidi kwa theluthi moja. Jirani naye akilichukua bomba la lita 20, akatia gramu 75 alizozoea, kila lita itakuwa na gramu 3.75, na dawa itapungua kwa robo.

Tofauti ni ya lita tano zile zile, lakini upande mmoja ni theluthi na upande mwingine ni robo, kwa kuwa kila mmoja analinganisha na ujazo wake mwenyewe. Kwa hiyo agizo la kusema kiasi fulani kwa kila bomba ni agizo lisilokamilika. Vivyo hivyo agizo la kijiko au la kifuniko cha chupa. Gorogoro na debe ni vipimo vya ujazo vinavyofaa sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi wanakiona chombo kimoja. Unga wa dawa, ukiwa umeshindiliwa au haukushindiliwa, hujaza kijiko kile kile kwa gramu tofauti.

5. Kwa, katika na hadi

Sasa yatazamwe maagizo matano ambayo msomaji aweza kukutana nayo:

(a) Changanya dawa na maji, moja kwa sita.
(b) Changanya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji.
(c) Tia sehemu moja ya dawa katika sita.
(d) Tia lita moja ya dawa, ongeza maji lita saba.
(e) Tia lita moja ya dawa, ongeza maji hadi lita saba.

Agizo la (b) na la (e) hutoa mmumunyo mmoja: dawa ni subui moja ya jumla. Agizo la (d) hutoa jumla ya lita nane, na dawa ni thumni. Agizo la (c), likifuatwa kama lilivyo, huifanya dawa kuwa sudusi ya jumla, ingawa msomaji mwingine ataelewa kwamba atie dawa ndani ya maji sehemu sita. Agizo la (a) lategemea msomaji. Kwa ile klorini ya asilimia 3.5, subui hutoa asilimia 0.5, thumni hutoa 0.44 na sudusi hutoa 0.58. Maneno yote ya maagizo hayo ni ya kila siku, hakuna istilahi hata moja iliyokosewa, na bado dawa ni tatu.

Chanzo cha utata ni kwa. Kihusishi hiki kina kazi nyingi, na katika vipimo peke yake kina tatu. Katika mchezo wa mpira, mabao mawili kwa moja hulinganisha sehemu na sehemu, na jumla ya mabao ni matatu. Katika biashara, shilingi mia kwa kilo hutaja kiwango: kila kilo ina mia yake. Katika usemi wa tano kwa mia, ambao ni njia nyingine ya kutaja asilimia, kwa hulinganisha sehemu na jumla, na ile tano imo ndani ya mia. Wasemaji hawatatiziki, kwani mazingira huwafahamisha. Hakuna atakayedhani kwamba katika mabao mawili kwa moja, yale mawili yamo ndani ya lile moja. Lakini ndoo ya maji haina mazingira ya namna hiyo, na moja kwa sita huweza kusomwa kwa njia zote mbili.

Katika huonyesha kuwamo, na kwa hiyo chafaa zaidi pale sehemu inapolinganishwa na jumla. Lakini chahitaji kutajiwa kilichobeba: katika maji, au katika mchanganyiko uliokwisha kukamilika? Bila nomino hiyo, katika huwa na utata kama kwa.

Ongeza nayo ni kitenzi cha kuangaliwa. Mfano wa mshahara ni bayana zaidi kuliko wa kemia. Mshahara ukiongezwa shilingi elfu tano, na mshahara ukiongezwa hadi shilingi elfu tano, ni habari mbili ambazo hakuna mfanyakazi atakayezichanganya. Hadi, au mpaka, hutaja mwisho wa safari. Bila hiyo, kiasi kinachotajwa ni cha safari yenyewe. Ile chupa ya maabara yenye mstari shingoni si kitu kingine ila neno hadi lililochorwa kwenye kioo.

Yaweza kuulizwa: ikiwa utata ni mkubwa hivi, mbona mashamba hayajaharibika? Jibu limo katika hesabu. Tuchukue amitrazi ya asilimia 12.5, inayotumiwa kuua kupe. Mililita 40 za dawa zikifikishwa lita 20 kwa maji, dawa imezimuliwa mara 500, na ukolezi ni asilimia 0.025. Mfugaji akitia mililita hizo 40 juu ya lita 20 kamili, jumla huwa lita 20.04, na kosa ni sehemu mbili katika elfu. Ng'ombe hatalitambua wala kupe hatalitambua. Dawa ikizimuliwa mara nyingi sana, tofauti baina ya kwa na katika humezwa na maji. Ikizimuliwa mara chache, kama klorini, tofauti hukua: sudusi ni kubwa kuliko subui kwa asilimia 17 hivi. Kwa hiyo sentensi yenye utata hupita shambani bila kudhuru kwa miaka, ikajenga mazoea, kisha mazoea hayo huhamia hospitalini, maabara na jikoni, ambako hudhuru.

6. Asilimia ya nini?

Neno asilimia nalo hudhaniwa kuwa kamili, na si kamili. Unga wa dawa wenye asilimia 50 ya shaba una gramu 50 za shaba katika kila gramu 100 za unga. Hapo uzito unalinganishwa na uzito. Amitrazi iliyotajwa ina gramu 12.5 katika kila mililita 100. Hapo uzito unalinganishwa na ujazo. Vileo hupimwa kwa ujazo katika ujazo. Kuandika asilimia bila kutaja ya nini katika nini ni kumwachia msomaji achague.

Tena, asilimia ya dawa si lazima iwe asilimia ya kiini cha dawa. Mrututu wa buluu una shaba kiasi cha robo tu ya uzito wake, kwani 63.5 ikigawanywa kwa 249.7 ni 0.254. Mkulima aliyezoea unga wenye asilimia 50 ya shaba, akitumia mrututu kwa gramu zile zile, atakuwa ametia nusu ya shaba aliyokusudia. Mizani haitamwonya; kibandiko pekee ndicho kinachoweza kumwonya, kikiwa kimeandikwa sawasawa.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo haijatumika vya kutosha. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni na ushuri ni majina ya sehemu katika jumla, na baadhi yake yamezoeleka kwa karne nyingi katika mirathi ya Kiislamu. Mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, na hakuna kadhi aliyewahi kulisoma neno hilo kuwa sehemu moja ya mjane na nane za wengine. Lugha inayoweza kugawa urithi bila utata haishindwi kugawa ndoo ya maji. Ni kweli kwamba subui na sudusi si maneno yanayosikika Karatina au Chuka, na si haki kumlazimisha mkulima ayajifunze. Lakini muundo wa fikra yake, yaani sehemu ndani ya jumla inayotajwa, ndio unaotakiwa, na waweza kuelezwa kwa maneno mepesi.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, sentensi ya kipimo yapasa iwe na mambo manne: kiasi cha dawa pamoja na kizio chake, jina la dawa pamoja na hali yake, kiasi cha jumla, na tamko kwamba jumla hiyo ni ya mchanganyiko uliokamilika. Mfano wake ni huu: Gramu 5 za unga wa dawa katika kila lita 1 ya mchanganyiko uliokamilika. Sentensi ya utendaji nayo ifuate utaratibu wa mikono: Tia maji nusu ya bomba, tia gramu 100 za dawa, koroga, ongeza maji hadi lita 20, tikisa kabla ya kutumia. Pale ambapo sehemu zinalinganishwa, zote mbili zitajwe kwa majina pamoja na jumla yake: sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji, jumla sehemu 7. Kwa iachwe katika vipimo vya kuzimua, ila itumike pale inapofuatwa na kila.

Mapendekezo haya hayahitaji neno jipya hata moja. Yahitaji kwamba wanaofundisha Kiswahili waisome sentensi ya kibandiko kwa makini yale yale wanayoyatumia kusomea shairi, na kwamba sarufi ya vihusishi ifundishwe kwa mifano ambayo kosa lake huonekana. Mlima Kenya sasa umezungukwa na vyuo vikuu, Dedan Kimathi mjini Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru, ambako lugha na sayansi zaweza kukutana bila safari ndefu. Mwalimu wa kemia aandike agizo, mwalimu wa Kiswahili alisome, na mkulima alifuate mbele yao huku akipima. Wote watatu wakipata ndoo yenye ukolezi mmoja, sentensi imefaulu. Wakipata ndoo tatu tofauti, isahihishwe sentensi kabla ya kulaumiwa mkulima.

Orodha za istilahi zitaendelea kuhitajika, na waliozitunga wamefanya kazi ya kudumu. Lakini lugha ya sayansi haijengwi kwa nomino peke yake. Mtu aweza kuyajua maneno mmumunyo, ukolezi na moli, na bado akaharibu kahawa ya msimu mzima kwa sababu hakuna aliyemwambia kama zile lita ishirini ni za maji au ni za jumla.